Daftari la Wauaji, Daftari la Wahanga: Kisa cha Hissène Habré

Souleymane Guengueng alikuwa karani wa hesabu katika Tume ya Bonde la Ziwa Chad. Hakuwa na bunduki wala kikundi. Agosti 1988 askari kanzu wa Rais Hissène Habré wa Chad walimkamata kwa tuhuma za kuwasaidia wapinzani, na hakutoka mpaka tarehe 1 Desemba 1990, siku ambayo Habré aliikimbia N'Djamena na milango ya magereza ikabaki bila walinzi. Alitoka macho yakiwa yamedhoofika, na akiwa ameshuhudia wenzake wa selo wakifa mmoja baada ya mwingine. Humo ndani alikuwa ameapa kwamba Mungu akimtoa hai atatafuta haki.

Viapo vya gerezani ni vingi, na vingi hubaki hukohuko gerezani. Guengueng alifanya kazi aliyoizoea: alianza kuandika. Yeye na wenzake walizunguka kwa wajane na wafungwa wa zamani wakichukua maelezo, mtu kwa mtu, mpaka yakafika shuhuda 792. Halafu upepo ukageuka. Watesaji wa jana walianza kurudi ofisini chini ya serikali mpya, wahanga wakaogopa hata kusalimiana, na Guengueng akazificha karatasi nyumbani kwake. Zilikaa humo miaka.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na roho za watu ni vilevile. Nimekirudia kisa hiki mara nyingi, na kila mara naona kitu kilekile: kesi ya Habré, ambayo hutajwa kama ushindi wa sheria ya kimataifa, kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya makarani. Upande wa wahanga walikuwepo makarani, na upande wa wauaji pia.

Ofisi yenye jina la maktaba

Habré aliingia madarakani tarehe 7 Juni 1982 kwa mtutu wa bunduki. Marekani na Ufaransa zilimpa silaha na fedha kwa sababu moja tu: alikuwa kizuizi dhidi ya Muammar Gaddafi wa Libya. Mwaka 1987 majeshi yake, yakipanda magari madogo ya Toyota jangwani, yaliwafurusha Walibya kaskazini mwa Chad, na Juni mwaka huohuo Ronald Reagan akampokea Ikulu ya Marekani. Aliyekuwa akipewa mkono siku ile alikuwa tayari na miaka minne ya kuendesha chombo kiitwacho Kurugenzi ya Nyaraka na Usalama, maarufu kwa kifupi cha Kifaransa, DDS.

Ungelisikia jina hilo ungedhani ni idara ya kutunza vitabu. Amri iliyoianzisha, ya Januari 1983, iliiweka moja kwa moja chini ya Rais, bila waziri wala kamanda kati yao. DDS ilikuwa na magereza yake mjini N'Djamena. Moja liliitwa Piscine, yaani bwawa la kuogelea, kwa sababu ndivyo lilivyokuwa: bwawa la enzi za Wafaransa lililofunikwa kwa zege na kukatwa vyumba chini ya ardhi. Joto la Chad mnalijua. Sasa fikiria shimo la zege lisilo na dirisha, watu wamesongamana, maiti zikisubiri kuondolewa. Njia ya mateso iliyozoeleka zaidi ilikuwa kumfunga mtu mikono na miguu nyuma ya mgongo kwa pamoja mpaka kifua kikatune na damu ikasimama. Waliipa jina, arbatachar. Ukiona mateso yamepata jina la kila siku, jua yamekuwa kazi ya kila siku.

Waliolengwa walikuwa watu wa kusini mwaka 1984, katika msimu uliokuja kuitwa Septemba Nyeusi, kisha Wahadjarai mwaka 1987, kisha Wazaghawa mwaka 1989 baada ya kamanda wake wa zamani, Idriss Déby, na wenzake kuasi. Mtu mmoja akishukiwa, kabila zima lilibeba mzigo.

Déby alipomng'oa Habré, aliunda tume ya uchunguzi chini ya mwanasheria Mahamat Hassan Abakar. Tume ilipewa ofisi ndani ya makao makuu ya zamani ya DDS, kwa maelezo kwamba hakukuwa na jengo lingine. Hebu jiweke katika nafasi ya mjane anayeambiwa aje atoe ushahidi katika nyumba ambayo mumewe aliingizwa asitoke. Wengi hawakuja. Hata hivyo tume ilifukua makaburi ya halaiki, ikapiga picha, ikahoji, na Mei 1992 ikatoa ripoti: majina 3,780 ya waliokufa yamethibitishwa, na kwa makadirio ya tume jumla ni watu 40,000. Ilipendekeza watuhumiwa washtakiwe na wafukuzwe katika idara mpya ya usalama. Serikali ikaishukuru na kuiweka ripoti kabatini.

Dakar, na karatasi zilizokuwa sakafuni

Kwa miaka minane baada ya kukimbia, Habré aliishi Dakar, mji mkuu wa Senegal, kama mzee wa mtaa. Alikuwa amejenga, ameoa, na anatoa sadaka. Kilichoamsha mambo kilitokea mbali: Oktoba 1998 Augusto Pinochet, dikteta wa zamani wa Chile, alikamatwa London. Wanaharakati wa Chad wakajiuliza, kama yule anaweza kukamatwa nchi ya watu, wetu ana nini? Shuhuda 792 zikatoka mafichoni. Januari 2000 wahanga saba pamoja na chama chao walifungua malalamiko Dakar, na tarehe 3 Februari jaji wa uchunguzi, Demba Kandji, akamfungulia Habré mashtaka ya kushiriki katika mateso. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika kwa rais wa zamani wa nchi moja kushtakiwa namna hiyo katika mahakama ya nchi nyingine.

Mwezi uliofuata Abdoulaye Wade alishinda uchaguzi wa Senegal. Akamchukua mmoja wa mawakili wa Habré kuwa mshauri wake, na baraza la majaji, ambalo rais ndiye mwenyekiti wake, likamhamisha Jaji Kandji. Julai 2000 mahakama ya rufaa ilifuta mashtaka, na Machi 2001 mahakama ya juu ikaridhia: Senegal ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Mateso, lakini haikuwa imeuingiza katika sheria zake za mwenendo wa kesi, kwa hiyo majaji wake hawana mamlaka juu ya makosa ya mgeni yaliyofanyika ugenini. Kisheria hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Lakini hoja ya kisheria inayokuja muda mfupi baada ya jaji kuhamishwa hunuka, hata kama ni sahihi.

Wahanga hawakusubiri. Baadhi yao walikuwa wamehamia Ubelgiji na kupata uraia, na tangu Novemba 2000 walikuwa wamefungua shauri huko. Halafu Mei 2001 ikatokea bahati ambayo mwendesha mashtaka huota tu. Watafiti wa shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch, Reed Brody na Olivier Bercault, waliruhusiwa kuingia katika jengo la DDS lililotelekezwa. Sakafuni, chini ya vumbi, kulikuwa na maelfu ya karatasi: orodha za wafungwa, taarifa za mahojiano, vyeti vya vifo, ripoti za upelelezi. Zilipopangwa na kuhesabiwa zilitoa majina ya wahanga 12,321, wakiwemo 1,208 waliofia kizuizini. Zaidi ya hayo kulikuwa na barua 1,265 zilizokwenda kwa Habré mwenyewe, zikimpa habari za wafungwa 898.

Hapo ndipo ninaposema makarani wa upande wa pili nao waliifanya kazi yao. Utetezi wa mtawala aliyeanguka siku zote huwa mmoja: sikujua, walifanya wasaidizi. DDS ilikuwa imeuziba mlango huo kwa bidii yake ya kuandika kila kitu na kukipeleka juu.

Karatasi moja ndiyo iliyokaa akilini mwangu. Shirika la Msalaba Mwekundu lilikuwa limeomba wafungwa wa vita wagonjwa wapelekwe hospitali. Pembeni mwa ombi, kwa mwandiko wa mkono, kumeandikwa kwamba kuanzia sasa hakuna mfungwa wa vita atakayetoka gerezani isipokuwa amekufa. Miaka mingi baadaye mtaalamu wa miandiko aliiambia mahakama kwamba mkono ule ni wa Habré.

Ugunduzi huo uliwapa wahanga nguvu, na ukawapa maadui sababu. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Juni 2001, wakili wao Jacqueline Moudeina alijeruhiwa vibaya mguuni kwa guruneti wakati polisi wakivunja maandamano ya amani ya wanawake N'Djamena. Kikosi kile kiliongozwa na ofisa aliyewahi kuwa DDS. Moudeina alitibiwa, akarudi kazini na vipande vya chuma vikiwa bado mwilini.

Danadana

Miaka kumi iliyofuata ni ya kuchosha hata kuisimulia, kwa hiyo nitaipita mbio. Septemba 2005 Jaji Daniel Fransen wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata Habré. Mahakama ya Dakar ikasema haina mamlaka ya kuamua. Wade akalirusha shauri Umoja wa Afrika. Umoja wa Afrika, Julai 2006 pale Banjul, ukalirudisha Senegal kwa agizo la kumshtaki "kwa niaba ya Afrika". Senegal ikarekebisha sheria, kisha ikasema haitaanza hata uchunguzi mpaka bajeti yote ipatikane. Wafadhili wakakutana Novemba 2010 na kuahidi euro milioni 8.6. Siku chache kabla, mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilisema kesi hiyo lazima isikilizwe na mahakama maalumu ya kimataifa. Julai 2011 Wade akatangaza kumrudisha Habré Chad, halafu akaghairi kabla ndege haijaruka. Wahanga walikuwa wanazeeka na kufa. Faili lilipigwa danadana namna hiyo huku kila mpigaji akisema anaiheshimu haki.

Mambo mawili yaliikata mwaka 2012. Machi, Macky Sall alimshinda Wade. Julai, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, katika shauri lililofunguliwa na Ubelgiji, iliiambia Senegal imshtaki Habré bila kuchelewa zaidi au imkabidhi. Mwezi mmoja tu baada ya hukumu hiyo, serikali ya Sall ilisaini makubaliano na Umoja wa Afrika ya kuunda Mahakama Maalumu ya Afrika ndani ya mahakama za Senegal: majaji wa Senegal, isipokuwa rais wa jopo la kesi na wa rufaa watoke nchi nyingine za Afrika. Ikazinduliwa Februari 2013. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: lililoshindikana kwa miaka 12 lilifanyika kwa miezi michache baada ya mtu mmoja kuondoka ikulu. Anayedhani kwamba haki baada ya udikteta ni suala la vifungu vya sheria aikumbuke tarehe hiyo.

Tarehe 30 Juni 2013 Habré alikamatwa.

Kizimbani

Kesi ilianza tarehe 20 Julai 2015. Habré, ndani ya kanzu nyeupe, kilemba na miwani ya jua, alipaza sauti akiwaita waliomshtaki vibaraka wa mabeberu, akatolewa nje. Mawakili wake walisusa. Mahakama ikamteulia wengine watatu na kuwapa siku 45 za kusoma jalada. Septemba alibebwa na walinzi akakalishwa kwa nguvu, na tangu hapo hakusema neno kuhusu mashtaka. Alikaa miezi mitano akiwa amefunika uso kwa kilemba, miwani ikitazama mbele, huku mashahidi 93 wakipita mbele yake. Wengine walimgeukia na kumwuliza maswali. Hakujibu.

Jambo lililobadilisha kesi halikuwemo katika hati ya mashtaka. Ubakaji haukupewa nafasi yake wakati wa uchunguzi. Miaka yote ile wahanga waliokuwa mbele ni wanaume waliozungumzia njaa, kamba na maiti. Kisha wakaja wanawake. Walieleza walivyosafirishwa mwaka 1988 mpaka jangwani kaskazini, kwenye kambi ya Ouadi Doum, uwanja uleule ambao mwaka mmoja kabla ulikuwa wa ushindi dhidi ya Libya, na huko wakafanywa watumwa wa kingono wa askari. Walikuwa wamenyamaza zaidi ya miaka 25, baadhi mbele ya waume na watoto wao wenyewe. Mmoja alisema Habré binafsi alimbaka. Mawakili wa wahanga wakaomba mashtaka yapanuliwe, na hukumu ikaujumuisha ubakaji na utumwa wa kingono.

Hukumu ilisomwa tarehe 30 Mei 2016 na Jaji Gberdao Gustave Kam wa Burkina Faso: kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu, uhalifu wa kivita na mateso. Ukumbini vigelegele vilipigwa. Guengueng alikuwemo. Aprili 2017 jopo la rufaa liliidhinisha kifungo hicho, lakini likamwondolea kosa la yeye mwenyewe kubaka, kwa sababu tukio hilo lililetwa likiwa limechelewa. Jopo lilieleza kwamba hilo halina uhusiano na kuaminika kwa shahidi. Sheria ilikuwa sahihi, nadhani. Lakini kosa ni la wachunguzi ambao hawakuwauliza wanawake mapema, na aliyelipia ni mwanamke aliyejitokeza hadharani.

Aliyekosekana ukumbini

Kuna kiti kingine kilichokuwa kitupu Dakar. Mahakama ilipewa mamlaka juu ya kipindi cha tarehe 7 Juni 1982 mpaka 1 Desemba 1990 na si zaidi. Ndani ya kipindi hicho, mwaka 1984, wakati wa Septemba Nyeusi, mkuu wa majeshi yaliyokuwa kusini alikuwa Idriss Déby, rais wa Chad wakati kesi ikiendelea na mmoja wa wachangiaji wakubwa wa bajeti ya kesi. Alitaka sana Habré ahukumiwe. Mahakama ilipoomba ikabidhiwe wakuu wa zamani wa DDS, Saleh Younous na Mahamat Djibrine, N'Djamena ilikataa. Mkuki kwa nguruwe.

Badala yake Chad iliwashtaki wenyewe kwa haraka, na hapo kuna jambo linalosahauliwa. Machi 2015 mahakama ya N'Djamena iliwatia hatiani maofisa 20, saba kwa kifungo cha maisha, wakiwemo hao wawili. Iliamuru fidia ya faranga za CFA bilioni 75, nusu ilipwe na serikali na nusu na waliohukumiwa. Iliamuru pia ijengwe kumbukumbu ya waliouawa na jengo la DDS lifanywe jumba la makumbusho, ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ulipita, na mingine ikafuata, bila ya kumbukumbu wala jumba.

Ningependa kumtetea Déby kidogo kwa hoja kwamba bila ushirikiano wake majaji wasingeingia Chad kuwahoji wahanga takribani 2,500, na hiyo ni kweli. Kila haki ya namna hii hupitia mlango wa mtu mwenye sababu zake. Lakini wahanga wa kusini walilijua jina la kamanda wa askari wale, na mahakama haikumfikia.

Hesabu

Tunarudi kwa mtu wa hesabu. Rufaa ya 2017 ilitoa fidia ya zaidi ya faranga bilioni 82 kwa wahanga 7,396 waliotambuliwa. Waliobakwa: milioni 20 kila mmoja. Walioteswa au kufungwa bila hatia: milioni 15. Ndugu wa waliokufa: milioni 10. Mdaiwa alikuwa Habré, ambaye kwa mujibu wa tume ya 1992 aliikomba hazina ya nchi alipokimbia, lakini kilichozuiwa kikiwa kwa jina lake kilikuwa nyumba moja Dakar na akaunti zenye fedha kidogo. Kwa hiyo Umoja wa Afrika ulitakiwa kuanzisha mfuko. Februari 2018 ukapitisha kanuni za mfuko huo. Kanuni hazilipi mtu.

Habré alikufa kwa COVID-19 tarehe 24 Agosti 2021, akiwa bado mfungwa, na akazikwa Dakar. Déby alikuwa ameuawa vitani miezi minne kabla.

Februari 2024 serikali ya Chad ilianza kugawa faranga bilioni 10 kwa wahanga wapatao 10,700. Kila mmoja faranga 925,000. Mfungwa wa zamani aliyetamkiwa milioni 15 alipokea chini ya senti 7 kwa kila faranga aliyotamkiwa. Kama alikaa Piscine miaka miwili kamili, siku 730, kila siku moja ya shimo lile imelipwa faranga 1,267, ambazo hazifiki euro mbili, na katika safu ya deni bado zimebaki milioni 14 na faranga 75,000.